Kusafiri Ndani ya India kwa Treni, Metro, Basi na Bajaji: Mwongozo Kamili kwa Mgeni Kutoka Afrika Mashariki

Watu wengi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanaokwenda India huenda kwa matibabu, kwa masomo au kwa biashara, na mara nyingi jambo pekee la usafiri walilopangiwa ni gari litakalowapokea uwanja wa ndege. Baada ya hapo hubaki wenyewe. Daktari wa Chennai anamwelekeza mgonjwa kwa bingwa aliyeko Vellore, mwanafunzi wa Pune anatakiwa kufika ubalozini New Delhi, na mfanyabiashara aliyeshukia Mumbai anaambiwa kwamba kitambaa anachokitafuta hupatikana Surat kwa bei ya kiwandani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao.

Yafaa kuelewa mapema kwamba India haina uhaba wa usafiri bali ina uhaba wa nafasi. Treni ipo, tena si moja, lakini kitanda hakipo, kwa sababu watu waliotaka kusafiri siku hiyo walikwisha kukata tiketi majuma kadhaa kabla. Msafiri aliyezoea kufika stendi alfajiri, akapokelewa na wapiga debe na kuondoka ndani ya saa moja, atateseka sana akienda na mazoea hayo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu tiketi ya treni, jinsi ya kuipata na hasa jinsi ya kuisoma.

Matayarisho ya siku ya kwanza: laini ya simu, fedha na anwani

Pata laini ya simu ya India kabla ya jambo lingine lolote. Huduma nyingi za usafiri hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na zipo zinazokubali namba za India pekee. Hata intaneti ya bure katika stesheni za treni hufunguliwa kwa namba inayotumwa kwenye simu. Nenda katika duka la kampuni yenyewe ya simu ukiwa na pasipoti, nakala ya viza na picha, ukijua kwamba laini ya mgeni huweza kuchukua saa kadhaa kabla haijaanza kufanya kazi. Kwa hiyo usipange safari ya jioni ileile.

Kuhusu fedha, wenyeji hulipa karibu kila kitu kwa simu kupitia mfumo unaoitwa UPI, na hata muuza chai wa pembeni mwa barabara ana kibao cha msimbo wa kuskani. Mgeni asiye na akaunti ya benki ya India kwa kawaida hutegemea fedha taslimu, na dereva wa bajaji anayelipwa kwa simu kutwa nzima hana chenji. Weka akiba ya noti za rupia 10, 20, 50 na 100, na ukizipokea zikague, kwa maana noti iliyochanika hukataliwa na kila mtu isipokuwa benki. Noti za rupia 2,000 ziliondolewa katika mzunguko kuanzia mwaka 2023, kwa hiyo ile aliyokuachia ndugu yako kutoka safari yake ya zamani haitakusaidia barabarani.

Mwombe mtu wa mapokezi hotelini akuandikie anwani ya mahali unapoishi kwa maandishi ya eneo hilo pamoja na alama kubwa iliyo jirani, kama vile hospitali, hekalu au sinema. Maandishi hayo si yaleyale kila mahali: Chennai hutumia Kitamil, Hyderabad Kitelugu, Bengaluru Kikannada, na Delhi Kihindi. Wapo wageni wanaojifunza maneno ya Kihindi kwa bidii kisha wakashangaa kuona kwamba Chennai hayawasaidii kitu, na kwamba Kiingereza cha kuungaunga huko ndicho kinachoeleweka.

Kuchagua treni na daraja

Amua kwanza kama safari yenyewe ni ya treni. Kutoka Chennai hadi New Delhi ni kilomita zinazokaribia 2,180, na Tamil Nadu Express, ambayo ni miongoni mwa treni za haraka katika njia hiyo, huchukua saa 33 hivi. Ndege huchukua chini ya saa tatu. Kwa maoni yangu treni hufaa zaidi kwa safari inayoisha ndani ya usiku mmoja, na mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji hapaswi kupelekwa safari ya siku moja na nusu kwa sababu tu nauli ni nafuu.

Aliyewahi kusafiri kwa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma anajua tofauti ya daraja la kulala na la kukaa, na mpangilio wa India ni huohuo uliogawanywa zaidi. SL ni daraja la kulala lisilo na kiyoyozi, lenye madirisha yanayofunguliwa, ambamo kila chumba cha wazi kina vitanda sita vya ghorofa tatu na vingine viwili kando ya njia, bila shuka wala mto. 3A ina mpangilio uleule pamoja na kiyoyozi, shuka, mto na blanketi. 2A haina kitanda cha katikati, kwa hiyo mtu wa kitanda cha chini anaweza kuketi wima wakati wowote, tena kuna pazia. 1A ina vyumba vyenye mlango, na nauli yake kwa baadhi ya njia hukaribia ile ya ndege. CC ni daraja la kukaa lenye kiyoyozi, na ndilo linalopatikana katika treni za mchana za Shatabdi na Vande Bharat. Mabehewa yasiyo na nafasi maalumu nayo yapo, lakini katika njia kubwa hujaa hadi mlangoni, nami simshauri mgeni mwenye mizigo kuyajaribu.

Mtu mzima mwenye afya atatosheka na 3A. Mgonjwa na mzee wakatiwe 2A na waombewe kitanda cha chini. Daraja la SL ni zuri katika miezi ya baridi, na ndilo lenye mazungumzo mengi na chakula cha kugawiana, lakini kuanzia Aprili hadi Juni joto la tambarare za kaskazini huligeuza kuwa tanuri.

Treni yenyewe hutambuliwa kwa jina na kwa namba ya tarakimu tano, na namba ndiyo ya kuishika, maana majina hufanana na treni ya kwenda hutofautiana na ya kurudi kwa tarakimu moja tu.

Kukata tiketi

Mauzo ya kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Utaratibu huo ulianza Novemba 2024, na kabla ya hapo zilikuwa siku 120. Katika njia zenye watu wengi, na hasa karibu na sikukuu za Diwali, Holi na Chhath pamoja na likizo za shule za kiangazi, vitanda huisha siku ileile ya kufunguliwa. Zipo njia tatu ambazo mgeni anaweza kuzitumia.

Ya kwanza ni mtandao wa IRCTC, ambalo ni shirika la serikali linalouza tiketi za reli. Fungua akaunti ukiwa bado nyumbani, kwa sababu mwenye namba ya simu ya nje hulipishwa ada ndogo ya usajili na huthibitishwa pia kwa barua pepe, na mambo hayo hayaendi vizuri unapokuwa na haraka. Kadi za benki za nje hukubaliwa, ingawa baadhi hugoma bila maelezo, hivyo jaribu kadi mbili kabla ya kukata tamaa. Jina liandikwe kama lilivyo katika pasipoti, na umri uwe wa kweli: mfumo hujaribu kuwapa vitanda vya chini wanawake wa miaka 45 na kuendelea na wanaume wa miaka 60 na kuendelea, na anayepunguza umri wa mama yake kwa adabu humsababishia kupanda ngazi.

Ya pili ni nafasi zilizotengwa kwa ajili ya watalii wa kigeni katika baadhi ya treni, ambazo huweza kukatwa hadi siku 365 kabla. Ofisi mashuhuri zaidi ya nafasi hizo iko ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj, na mgeni huhudumiwa kwa kuonyesha pasipoti yenye viza halali. Ofisi hiyo imezungukwa na hadithi nyingi. Mtu aliyevaa vizuri atakusimamisha mlangoni na kukueleza kwa upole kwamba ofisi imefungwa, au imehama, au imeungua jana, kisha atajitolea kukupeleka kwenye ofisi nyingine ambayo kwa kweli ni duka la wakala. Usibishane naye, pita, panda ngazi, uione kwa macho yako.

Ya tatu ni wakala halali wa mjini, ambaye huongeza ada kidogo juu ya nauli. Mwambie akupe tiketi yenye jina lako na uisome papo hapo. Wapo vishoka wanaouza tiketi zilizokatwa kwa majina ya watu wengine, na mkagua tiketi atakapoomba pasipoti yako, utahesabiwa kuwa abiria asiye na tiketi.

Utasikia wenyeji wakitaja Tatkal, yaani vitanda vya dharura vinavyouzwa siku moja kabla ya treni kuondoka, saa nne asubuhi kwa madaraja ya kiyoyozi na saa tano kwa mengine. Tangu Julai 2025 ununuzi wake mtandaoni unahitaji uthibitisho wa Aadhaar, kitambulisho ambacho mtu wa kupita hana, kwa hiyo usiujengee mpango wako.

Kuisoma tiketi

Hapa ndipo wageni wengi wanapojikwaa, na ndipo inapofaa kutulia. Tiketi ya India hueleza mambo mengi kwa herufi chache, na baadhi yake si ahadi ya kusafiri.

Tafuta kwanza PNR, ambayo ni namba ya tarakimu kumi. Hiyo ndiyo utakayotumia kuangalia hali ya nafasi yako mtandaoni, au kwa kupiga simu namba 139 ya huduma ya reli. Kisha tazama hali yenyewe, inayoandikwa mara mbili: ilivyokuwa ulipokata na ilivyo sasa. CNF maana yake nafasi imethibitishwa, na maandishi kama B3, 41, LB yanamaanisha behewa B3, kitanda namba 41, cha chini. MB ni cha katikati, UB cha juu, na SU ni cha juu kando ya njia. Kitanda cha chini kando ya njia huandikwa SL, herufi zilezile za daraja la SL, na nimewahi kumwona abiria wa 2A akihama behewa zima kwa hofu baada ya kuona herufi hizo kwenye tiketi yake.

RAC maana yake unaruhusiwa kupanda na utapata pa kuketi, lakini kitanda kimoja cha kando mtagawana watu wawili mpaka mwingine akose kutokea. Kwa safari ya mchana si vibaya. Kwa usiku mzima, magoti ya mtu usiyemjua yatakuwa mto wako.

WL ni orodha ya kusubiri. Tiketi iliyolipiwa yenye WL haikupi haki ya kuingia katika behewa la kulala. Namba hupungua kadiri watu wanavyofuta safari zao, kwa mfano kutoka WL 12 hadi WL 4, na orodha ya mwisho ya abiria hupangwa saa kadhaa kabla ya treni kuondoka. Ukibaki WL wakati huo, tiketi ya mtandaoni hujifuta yenyewe na fedha hurudishwa. Angalia pia herufi zinazotangulia: GNWL, ambayo kwa kawaida ni ya wanaopanda mwanzo wa njia, ina matumaini mazuri, ilhali RLWL na PQWL, ambazo aghalabu huwapata wanaopanda au kushuka katikati, husonga polepole. Mwenye GNWL ya namba ndogo anaweza kungoja, lakini mwenye RLWL 30 atafute treni nyingine leo hii.

Linalofuata ni saa. Tiketi hutumia saa 24, nasi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, kwa hiyo 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri na 20:00 ni saa mbili usiku. Hilo ni jepesi. Gumu ni treni za baada ya saa sita usiku. Tiketi iliyoandikwa tarehe 15, saa 00:20, ni ya usiku wa kuamkia tarehe 15, na anayefika stesheni usiku wa tarehe 15 baada ya chakula cha jioni atakuta treni ilikwisha kuondoka karibu saa ishirini na nne zilizopita. Mimi mwenyewe nilipoteza tiketi yangu ya kwanza kwa kosa hilo. Jihadharini zaidi mnaosafiri na wazee wa pwani, ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, wakati kijana wa Nairobi akisema Ijumaa usiku anamaanisha kinyume chake; andikeni tarehe na saa kwenye karatasi, kila mmoja aone.

Jambo hilo lina mkia wake. Programu za kufuatilia treni, kama NTES na Where is my Train, huuliza tarehe ambayo treni ilianza safari yake huko ilikotoka. Ukipandia katikati ya njia saa saba usiku wa kuamkia tarehe 15, treni yako huenda ilianza tarehe 14, na ukichagua tarehe isiyo sahihi utakuwa ukifuatilia treni ya watu wengine.

Mwisho, soma jina la stesheni mpaka herufi ya mwisho. Miji mikubwa ina stesheni kuu kadhaa, na kati ya moja na nyingine kuna mwendo wa saa nzima kwenye foleni. New Delhi, yenye kifupisho NDLS, si Delhi ya zamani, ambayo ni DLI. Na Gatimaan Express, iendayo Agra kwa dakika 100 hivi, huondokea Hazrat Nizamuddin. Chennai ina Chennai Central, ambako ndiko hasa treni za kaskazini na magharibi huanzia, na Egmore, yenye treni nyingi za kusini. Mumbai ina CSMT, Mumbai Central, Bandra Terminus na nyinginezo. Kwa wagonjwa wetu muhimu zaidi ni Vellore: treni kubwa zinazotoka Chennai husimama Katpadi, umbali wa kilomita 130 hivi, na kutoka hapo hadi hospitalini ni mwendo mfupi wa bajaji au basi. Anayetafuta jina Vellore peke yake mtandaoni hudhani hakuna treni.

Stesheni

Fika saa moja kabla katika stesheni kubwa. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, majukwaa ni mengi, New Delhi ikiwa na 16, na jukwaa lililotangazwa laweza kubadilishwa dakika za mwisho. Mabehewa ni zaidi ya ishirini katika treni nyingi, kwa hiyo tazama vibao vya jukwaani vinavyoonyesha behewa lako litasimama wapi, usogee huko mapema. S1 na S2 ni ya SL, B ni 3A, A ni 2A, H ni 1A, na C ni ya kukaa. Treni ikisimama dakika mbili tu, panda behewa lolote lililo karibu kisha utembee ndani kwa ndani.

Wachukuzi wa mizigo rasmi huvaa mashati mekundu na beji ya shaba mkononi. Patana bei kabla mzigo haujainuliwa, na usimpoteze machoni, kwa maana wana mwendo wa ajabu. Anayekusindikiza anahitaji tiketi ya jukwaa, ambayo ni ya bei ndogo sana.

Ukisikiliza matangazo utashika neno moja mara kwa mara, gaadi. Ni lilelile gari letu, lililovuka bahari pamoja na chai na laki, na huko hutumika pia kwa treni. Neno hilo likifuatwa na namba, kaza masikio.

Ndani ya treni

Chini ya vitanda vya chini kuna vishikizo vya chuma vilivyowekwa kwa ajili ya minyororo ya mizigo. Nunua mnyororo na kufuli stesheni, ufunge begi kubwa hapo, na begi dogo lenye pasipoti, dawa na ripoti za hospitali ulale nalo. Mizigo inayoruhusiwa bila malipo ni kilo 40 katika SL na 3A, 50 katika 2A na 70 katika 1A, ingawa kinachowashinda watu hasa ni nafasi ya kuiweka.

Kitanda cha katikati hufunguliwa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya muda huo kitanda cha chini ni kiti cha wote watatu, kwa hiyo mwenye nacho hawezi kujinyoosha mchana kutwa akawaacha wenzake wamesimama. Wenyeji huomba kubadilishana vitanda ili familia ikae pamoja. Kumkubalia mtu ni hiari, na usikubali kabla hujakiona kitanda anachokupa.

Mkagua tiketi atapita. Mwonyeshe tiketi kwenye simu pamoja na pasipoti halisi. Usipopandia stesheni iliyoandikwa, anaweza kukipa kitanda chako mtu wa RAC, na hatakuwa amekosea. Wauza chai na vitafunio hupita tangu alfajiri, na katika treni nyingi abiria huulizwa kama anakula nyama au la. Chakula cha mtu usiyemfahamu kikatae kwa upole, na ushukuru. Usitarajie kutangaziwa vituo usiku: weka kengele ya simu nusu saa kabla, kisha uangalie mahali treni ilipo, kwa sababu saa ya ratiba na saa ya kufika si kitu kimoja.

Mabasi ya mikoani

Pale treni isipofika, au orodha ya kusubiri inapokuwa ndefu, kuna mabasi ya mashirika ya serikali za majimbo na ya kampuni binafsi. Ya serikali huondokea stendi kuu na tiketi yake huweza kukatwa kwa konda. Ya binafsi hukatwa mtandaoni, kwa mfano redBus, na jambo la kuzingatia ni mahali pa kupandia, ambapo mara nyingi si stendi bali ni kando ya barabara, mbele ya duka au kituo cha mafuta. Saa moja kabla, piga simu kwa namba iliyo kwenye tiketi uulize namba ya basi.

Mabasi ya usiku yana vitanda vya ghorofa mbili, vya mtu mmoja upande huu na vya watu wawili upande ule. Anayesafiri peke yake achague cha mtu mmoja, vinginevyo atalala bega kwa bega na mgeni. Choo kwa kawaida hakuna. Basi husimama mara moja au mbili, na dereva hahesabu abiria kila mara, basi mwachie jirani yako neno unaposhuka.

Ndani ya jiji

Metro ndiyo rafiki wa mgeni, kwa sababu nauli imepangwa, majina yameandikwa pia kwa Kiingereza, na hakuna wa kupatana naye. Ya Delhi ilianza Desemba 2002 na sasa imeenea karibu jiji zima. Njia yake ya rangi ya chungwa huunganisha uwanja wa ndege na stesheni ya New Delhi kwa dakika 20 hivi. Ya Chennai hutoka uwanja wa ndege hadi Central, na hupita Thousand Lights, stesheni iliyo jirani na mtaa wa Greams wanakofikia wagonjwa wengi wa kutoka kwetu. Kila mtu na begi lake hukaguliwa mlangoni. Behewa la kwanza katika treni za Delhi ni la wanawake peke yao, na mwanamume anayeingia kwa kutojua hutolewa mbele za watu.

Treni za mitaani za Mumbai ni jambo jingine. Zipo za polepole zinazosimama kila kituo na za haraka zinazoruka vingi, zina daraja la kwanza na la pili, na mabehewa ya wanawake. Mgeni mwenye mizigo asizikaribie asubuhi wala jioni, saa za kwenda na kutoka kazini.

Tumebaki na bajaji, ambayo Watanzania tumeipa jina la kampuni ya Pune inayoitengeneza, na ambayo huko huitwa auto. Ukitamka bajaji mtu atadhani unataka pikipiki. Zina mita, lakini utii wa mita hutofautiana: Mumbai hutumika kwa kawaida, wakati Delhi na Chennai dereva wengi hupendelea kupatana. Njia rahisi ni kuita kwa programu kama Uber, Ola au Rapido, ambapo bei huonekana kabla. Dereva ataomba namba nne zilizo kwenye simu yako, na umpe baada ya kuhakikisha namba ya gari. Dereva pia hupenda kupiga simu. Usipoelewana naye, mpe simu mlinzi au muuza duka aliye karibu, hakuna atakayekataa. Ukipatana ana kwa ana, hakikisha mnazungumzia bei ya gari zima na si ya kila kichwa. Dereva akitikisa kichwa upande huu na upande ule, hajakataa: hapo amekubali.

Usiku wa kwanza, ukitoka uwanja wa ndege au stesheni, tumia kibanda cha teksi za kulipia kabla. Utapewa stakabadhi, sehemu ya dereva usimpe mpaka ufike. Akikueleza njiani kwamba hoteli yako imefungwa, ni ndugu yake yule wa ofisi iliyoungua. Jua pia kwamba bajaji haziruhusiwi kuingia kusini mwa Mumbai, hivyo kuelekea Colaba au CSMT utahitaji teksi.

Kuchelewa, na siku ya kurudi nyumbani

Desemba na Januari ukungu wa kaskazini huchelewesha treni kwa saa nyingi, na kati ya Juni na Septemba mvua za masika hufunga reli, hasa Mumbai. Kwa hiyo usiunganishe treni na ndege ya kimataifa siku moja. Panga treni ikufikishe siku iliyotangulia, ulale jirani na uwanja, na asubuhi uwe na tiketi ya ndege kwenye karatasi au imehifadhiwa ndani ya simu, kwa sababu askari wa mlangoni huitaka pamoja na pasipoti kabla ya kukuruhusu kuingia katika jengo, na intaneti ya laini uliyoinunua mwezi uliopita huenda imekwisha.